Damu ya Mbuzi Imepanda Ndege: Sukari Yangu na Wimbo wa Dada Yangu

Kama unasoma haya huku mtoto wako amelala wodini na mpira wa dripu mkononi, kwanza keti. Agiza chai. Yako inaweza kuwa na sukari, usijinyime kwa huruma. Mama yangu alijinyima mwaka mzima, na kilichobadilika ni hasira zake tu.

Naitwa Hodan. Nilipata ugonjwa wa sukari nikiwa na miaka kumi na mmoja, pale Garissa, mwaka wa tisini na saba. Leo nina watoto wawili walionipita urefu. Mara kwa mara naitwa hospitali nizungumze na mzazi aliyeambiwa asubuhi hiyo kwamba mtoto wake atadungwa sindano kila siku ya maisha yake, na kila mara nakuta uso uleule, uso wa mtu anayewaza sanda. Nikiwaambia mimi mwenyewe nimedungwa tangu enzi za redio ya mawe ya betri, wananiangalia kutoka kichwani hadi miguuni kana kwamba nawauzia kitu. Basi naandika, ili uniangalie kwa nafasi yako.

Ugonjwa ulianza wakati wa ukame, kabla ya zile mvua kubwa. Baba yetu, Aabo, alikuwa akinunua mbuzi na ng'ombe Balambala na Wajir na kuwauza soko la mifugo Garissa. Mama, ambaye sisi Wasomali humwita Hooyo, alikuwa nyumbani nasi. Mwaka huo nyanya yetu, Ayeeyo, alihamia kwetu kutoka Balambala baada ya mifugo yake kuisha, akaja na mtungi mmoja, mkeka na sauti yake. Ayeeyo alikuwa fundi wa buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake wetu huyaimba harusini kwa ngoma na makofi. Harusi bila yeye ilihesabiwa kuwa kikao cha chai tu.

Ayeeyo alitugawia kazi. Mimi nilipewa sauti, na dada yangu Shukri, aliyenitangulia kwa miaka miwili, akapewa ngoma. Shukri alipiga chochote: jerikeni, sufuria, mgongo wangu. Baada ya miezi michache tulikuwa tukialikwa harusi za mtaani, wasichana wawili waliovalishwa diraa za kuazima, tukiimba mistari ya Ayeeyo huku wanawake wakipiga vigelegele na kutupakia halwa mifukoni.

Kisha ikaja kiu. Usifikiri ni kiu ya jua, hiyo tunaijua. Nilikunywa maji ya mtungi, ya bomba la shule, ya birika la kutawadhia, na bado ulimi ulikuwa kama gunzi la hindi. Nilienda chooni hadi mwalimu akaacha kuniuliza. Halafu, msichana mkubwa mimi, nikaanza kukojoa kitandani. Asubuhi ya kwanza Hooyo alipolitoa godoro na kulianika kwenye ua, majirani wote wakiona, Shukri alitoka nje na kusema kwa sauti, "Ni mimi." Alisema hivyo wiki nzima. Hakuna aliyemwomba, na hakuwahi kunidai shukrani.

Nilikonda mpaka bangili zikawa zinatoka zenyewe. Sasa sikiliza kosa letu, kwa sababu huenda na kwako linafanyika. Kwetu mtoto akikonda hulishwa utamu. Hooyo alinipikia chai iliyokolea sukari, Ayeeyo akanipa maziwa ya ngamia yaliyotiwa asali, shangazi akatuma tende kutoka Elwak. Kila aliyenipenda alikuja na kijiko, na kila kijiko kilinisogeza karibu na kaburi. Ayeeyo alinichoma moto tumboni alama tatu, kama walivyochomwa watu wake wote walipougua, kisha akalia kuliko mimi. Shekhe alinisomea Kurani, na katika yote yale hiyo ndiyo iliyonipumzisha kidogo.

Aliyegundua hasa ni Shukri, kwa sikio lake. Tulikuwa tukifanya mazoezi uani alasiri moja, akaacha kupiga jerikeni.

"Unakata mstari," akasema.

"Sikati."

"Unakata. Pumzi yako inaisha kabla ya mstari. Zamani ilikuwa inabaki."

Nikaanza tena ili nimkomeshe. Sikumaliza. Nilisikia jerikeni likianguka, kisha mikono ya Aabo, kisha joto la barabarani, na Hooyo akisema mdomo wangu unanuka kama matunda yaliyooza.

Mapokezi ya hospitali yalikuwa na mabenchi ya saruji na watu waliozoea kungoja. Mtu anayengoja sana hujifunza kuketi kwa namna ya pekee, bega moja limeegemea ukuta na macho hayaangalii mlango. Wazazi wangu walijifunza siku hiyo. Muuguzi mmoja kutoka Pwani, Sista Kadzo, alipita mbele yetu, akarudi nyuma, akainama na kunusa pumzi yangu. Alileta kikombe, akachovya kijikaratasi kwenye mkojo wangu, na kikabadilika rangi.

"Mama, mtoto huyu ana sukari."

"Hapana," Hooyo akajibu, kana kwamba ameuziwa kitu kibovu sokoni. "Sukari ni ya wazee wenye matumbo. Huyu hata tumbo hana."

"Mama, akikaa nje hapa mpaka adhuhuri utamzika. Nipishe."

Hooyo alimpisha. Namshukuru Sista Kadzo kwa ukali ule mpaka leo. Upole ungenichelewesha.

Ya wodini sitakusimulia yote. Nakumbuka kiu ilivyoondoka. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama mdomo wenye mate yake. Nakumbuka Sista akitufundisha kudunga sindano kwenye chungwa, Aabo akitoka nje "kuangalia lori," ingawa hatukuja na lori. Shukri akachukua bomba la sindano na kulidunga chungwa kama aliyezaliwa nalo mkononi. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa daktari wangu. Alibuni namna yake: alinipigia mdundo pajani kwa vidole, ule wa kufungulia harusi, na sindano iliingia kwenye pigo la mwisho. Nikijua pigo liko wapi sikuogopa. Baadaye nilipojidunga mwenyewe nilijipigia hivyohivyo, na hata sasa paja langu linatarajia.

Nyumbani hatukuwa na friji. Chupa ya insulini ililala ndani ya mtungi wa Ayeeyo, uliozungushiwa gunia lenye maji na kuwekwa kwenye kivuli, na ole wake aliyechota maji bila kulilowesha gunia. Dawa yenyewe haikukaa Garissa. Hospitali ilikuwa nayo leo, kesho haina. Aabo alipanda basi la Nairobi, lile lililosubiri askari wa kulisindikiza kwa sababu ya majambazi wa njiani, na alirudi na chupa zikiwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, ameikumbatia safari nzima. Aabo akiwa njiani, Hooyo hakula. Akirudi waligombana, siku zote juu ya jambo dogo, kama kiatu kilichoachwa mlangoni. Nilijifunza kwamba ule ugomvi ndio namna yao ya kusema alhamdulillah, umefika.

Na Shukri naye alichoka. Nyama laini nilipewa mimi, swali la kwanza asubuhi liliulizwa juu yangu. Siku moja alipasuka: "Hata mimi nataka kuugua, japo siku moja!" Hooyo aliinua mkono ampige kofi, halafu akamvuta kifuani. Mwenye watoto wawili na ugonjwa mmoja, ukumbuke yule mzima. Yeye pia yumo ndani ya ugonjwa, ila hana kitanda.

Lililotuunganisha sote ni kunyamaza. Ayeeyo alitoa amri wiki ya kwanza: "Haya hayatoki nje ya ua huu. Msichana wa kudungwa sindano, nani atamposa?" Hooyo akakubali. Mtaani ikasemwa nilikuwa na malaria. Malaria ya ajabu, isiyopona wala kuua.

Kisha mvua zikaja. Waliokuwepo wanajua, El Niño haihitaji kusimuliwa. Mto Tana ulitoka nyumbani kwake ukaja kututembelea. Barabara ya Nairobi ilikatika, mabasi yakalala, na chupa yangu ikaanza kupungua huku tukiitazama. Hooyo aliuliza hospitali kila siku na kila siku alirudi mikono mitupu. Shukri akaanza kunipa nusu ya kipimo, kisha chini ya nusu. Kiu ile ilirudi. Maji yamezunguka nyumba na mimi ulimi umekauka, hebu fikiria. Nilihisi miguu ikiwa mizito, macho yakiingia ukungu, na Ayeeyo akawa anakaa kando ya kitanda changu kwa kimya ambacho sikukielewa.

Wakati huohuo mifugo ilianza kufa. Mbuzi walitupa mimba, ng'ombe walianguka, na baada yao wachungaji wakashikwa na homa ya kutoka damu. Yalikuwa majonzi ya kweli. Ndege zikaanza kutua na wataalamu kutoka Nairobi na ng'ambo, wakiwa na mabuti ya mpira na masanduku ya barafu. Walichukua damu ya mbuzi, ya ng'ombe na ya watu wenye homa, wakaipakia kwenye ndege na kuondoka nayo.

Aabo alienda uwanjani kila ndege ilipotua. Alimshika mkono daktari mmoja wa mifugo na hakumwachia mpaka alipoahidi. Ndege iliyofuata ilileta insulini yangu kwenye sanduku la barafu, kando ya dawa za ng'ombe. Aabo aliingia nayo ndani akiwa na matope mpaka kiunoni, akicheka na kulia kwa pamoja. Shukri alinidunga palepale, bila mdundo.

Nilipoanza kuketi kitandani, Shukri alimuuliza Aabo, "Wale watu wa ndege wanatafuta nini?"

"Wanatafiti. Wanapima damu ya mbuzi wajue ugonjwa umetoka wapi na utazuiwaje."

"Na damu ya Hodan nani anaitafiti?"

Shukri akachukua jerikeni, akatoka uani, na hasira yake ikageuka wimbo. Tuliutunga kwa Kisomali kwa ajili ya akina mama na kwa Kiswahili kwa ajili ya serikali. Wa Kiswahili ulikuwa hivi:

Damu ya mbuzi imepanda ndege,
imeenda mjini ikapimwa,
imerudi na majibu yake.
Damu ya Hodan ipande nini?

Tuliuimba chini kwa chini, Ayeeyo asisikie. Lakini jerikeni halijui kunong'ona. Sista Kadzo aliusikia siku nilipokwenda kupimwa, Shukri akiugonga kwenye benchi la mapokezi. Aliomba aimbiwe mara ya pili, na hakucheka.

Ardhi ilipokauka na mabasi kuanza kutembea, Sista Kadzo alituita. Alikuwa na mgeni, Daktari Nekesa, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyefika kutoka Nairobi na mabegi mengi kuliko umri wake. Alikuwa akifanya utafiti juu ya watoto wenye sukari: wanaishije mahali pa joto, dawa yao inahifadhiwaje, nani anaishi na nani anapotea. Sista alikuwa ametangaza wiki mbili kwamba watoto wenye dalili waletwe. Tulipofika asubuhi ile benchi zilikuwa wazi. Nilikuja mimi peke yangu.

Daktari alisubiri mpaka alasiri. Alinipima, akauliza juu ya mtungi na gunia, akaomba aonyeshwe mdundo wa pajani, na macho yake yakang'aa. Kisha alivua miwani akasema nasi kama watu wazima.

"Nairobi wananiambia huku hakuna watoto wa sukari. Eti ni ugonjwa wa mijini. Nikirudi na mtoto mmoja, watakuwa wamesema kweli. Utafiti utahamia kwingine, na dawa hufuata utafiti."

"Wapo," Shukri akasema. "Wamefichwa."

"Unajua kwa hakika?"

"Sisi pia tulimficha huyu."

Daktari alisema atarudi mara moja tu, baada ya mvua za masika, kisha ataamua. Tulirudi nyumbani. Nilikuwa nimeshaonja maisha ya chupa inayopungua. Nilijua mafuriko mengine yakija, au basi moja likichomwa njiani, mimi ndiye nitakayelipia. Na nilijua kwamba mlango wa kila nyumba iliyoficha mtoto ulikuwa mikononi mwa watu kama Ayeeyo. Akina mama wa Garissa wasingemsikiliza daktari wala Sista wala redio. Yeye wangemsikiliza.

Sasa, kwetu kuna jambo. Mwanamke akiimbiwa hadharani kwa jina lake, hujibu, na hujibu kwa kuimba. Akinyamaza, watu huhesabu amekubali kila neno, na kesho yake litasemwa kila kisimani. Akijibu, jibu lake ndilo litakalobaki. Shukri aliyafikiria hayo yote bila kuniambia. Siku ya harusi ya binamu yetu, tukiwa tunavaa, alinifunga mkanda wa diraa akasema, "Leo tunamwimbia Ayeeyo."

"Atatuua."

"Harusini hawezi. Kuna wageni."

Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa uvumba na manukato mpaka macho yakawasha. Ayeeyo alikaa mbele, kwenye mto wa heshima, amejitanda shashi nyeupe. Tuliimba za bibi harusi kwanza, wakafurahi. Kisha Shukri akabadilisha pigo. Pumzi ilikuwepo, ndefu, mpaka mwisho wa mstari na ziada. Nikaimba jina la Ayeeyo na majina ya mama zake watatu nyuma yake, kama adabu inavyotaka. Nikamwambia mbele ya wote kwamba mjukuu wake hana malaria. Nikaimba sindano, nikaimba mtungi, nikaimba damu ya mbuzi iliyopanda ndege. Nikamaliza kwa kumuuliza: wewe uliyenifundisha kutoa sauti, kwa nini unataka ninyamaze?

Vigelegele havikuja. Hooyo, aliyekuwa karibu na mlango na sinia la sambusa, alisimama nalo hivyohivyo. Shukri aliendelea kupiga taratibu, mdundo wa kusubiri, kwa sababu mpiga ngoma haachi mpaka jibu litoke.

Ayeeyo aliinuka. Nilidhani anatoka. Alitembea mpaka mbele yetu, akamnyooshea Shukri kidole aongeze kasi, na akaanza kwa ile sauti iliyoweza kuamsha kijiji. Sitaweza kukupa mashairi yake kama yalivyokuwa, Kiswahili changu hakifiki. Alisema alikuwa na binti mwingine, mdogo wa Hooyo, aitwaye Sahra. Wengi hawakumjua. Hooyo mwenyewe alikuwa akimtaja kwa nadra. Alisema Sahra alikunywa mto Tana na kiu haikutoka. Alikonda mpaka bangili zikaanguka. Yeye mama yake alimpeleka kwa shekhe, alimpeleka kwa mchoma moto, alimlisha asali, na Sahra akafa mvua ikinyesha, kikombe mkononi. Watu walisema ni jini la mtoni. Miaka yote hii naye alisema ni jini, kwa sababu jini halina dawa, na kisicho na dawa hakimlaumu mtu.

Kisha akaniweka mkono kichwani na kuimba mstari wa mwisho, na huu naukumbuka neno kwa neno: *Huyu ana jini la Sahra, na jini lina dawa, na dawa iko hospitali. Mwenye mtoto ndani amtoe nje.*

Hapo ndipo vigelegele vilipokuja, na vilio ndani yake. Mama Fardosa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisimama na kuuliza katikati ya kelele, "Na anayekojoa kitandani, mkubwa, ni hiyohiyo?" Mwanamke mwingine akasema dada yake Wajir ana mvulana kama huyo. Shukri alikuwa amekunja uso akipiga ngoma, machozi yakimtiririka kwenye ngozi ya ngoma, na hakukosa pigo hata moja.

Masika yakaja, safari hii kwa adabu. Harusi nazo zilikuwa nyingi, na kila tulipoalikwa tuliimba wimbo ule na jibu lake. Wanawake wakaubeba wenyewe. Madereva wa malori ya mifugo walituambia wameusikia ukiimbwa Balambala na watu wasiotujua. Mwalimu wetu alituruhusu kuuimba kwa Kiswahili mbele ya mkuu wa wilaya, na tulipofika pale pa ndege mkuu alijikuna shingo, maafisa wake wakaangalia chini.

Daktari Nekesa aliporudi, sisi tulikwenda mapema tukiogopa kukuta benchi zile wazi. Watu walikuwa wamefika mpaka kwenye geti. Kulikuwa na akina mama wa mtaani, na wengine walioshuka kwenye lori la mbuzi kutoka Balambala wakiwa bado na vumbi usoni, na yule mama wa Wajir na mvulana wake aliyemfunga mgongoni ingawa miguu yake ilikuwa ikiburuta. Wengi wa watoto hawakuwa na sukari hata kidogo. Mmoja alikuwa na minyoo, mwingine alikuwa mkaidi tu. Sista Kadzo alikuwa akipiga kelele mistari inyooshwe, kijasho kikimtoka, na sijapata kumwona mwenye furaha hivyo. Kwa kila kijikaratasi kilichobadilika rangi Daktari aliinua macho akatutafuta mimi na Shukri.

Halafu wakaja wanawake ambao hawakuleta mtoto. Tulidhani wamekosea foleni. Wa kwanza alisimama mbele ya meza akasema kwa utaratibu, "Wangu alikufa. Alikuwa na kiu vilevile. Mwandike naye." Daktari aliweka kalamu chini. Kisha akaichukua tena, akamuuliza jina la mtoto, umri, mwezi, alikunywaje, alikondaje. Nyuma yake akaja mwingine. Ayeeyo alikuwa ameketi nami, hakuwa mgonjwa wala hakuitwa. Akainuka akaenda kupanga foleni, akasubiri zamu yake kama wengine wote, na alipofika mezani akatumia kile Kiswahili chake cha sokoni: "Andika Sahra. Mtoto yangu. Yeye nakunywa Tana yote, bado nataka maji."

Hooyo alikwenda kusimama naye. Walishikana mikono mbele ya meza ile mpaka maswali yakaisha.

Jibu lilikuja kabla ya vuli. Daktari alifika mwenyewe kutuambia. Utafiti unabaki Garissa. Hospitali itapata friji ya dawa, na insulini ya watoto itakuwa pale, haifuatwi tena Nairobi. Kutakuwa na kliniki yao, mara moja kwa mwezi. Watu wote wakashangilia, isipokuwa mmoja.

"Mwezi moja, siku moja?" Ayeeyo akauliza. "Daktari, wewe kazi fizuri sana, lakini sukari yeye naenda likizo?"

Daktari alicheka mpaka akafuta miwani. "Kila wiki, Mama. Nitahangaika iwe kila wiki." Na ikawa kila wiki, ingawa ilichukua muda na nyimbo mbili zaidi.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Nimezimia darasani kwa sukari kushuka. Nimekula mchana wa Ramadhani nimejificha jikoni, Ayeeyo akilinda mlango na kumkaripia atakayeniangalia vibaya, wakati shekhe mwenyewe alikuwa ameniambia nisifunge. Mvulana wa Wajir alifariki baada ya mwaka, Mungu amrehemu. Fardosa wa jirani, yule aliyekuwa akikojoa kitandani, yupo, ana duka la nguo, anabishana na kila mtu. Mimi niliposwa, Ayeeyo akiwa hai, na aliyeniposa alikuwa amenisikia nikiimba ugonjwa wangu kwa jina.

Lakini nikitaka kukumbuka siku tuliposhinda, sikumbuki harusi wala vigelegele. Nakumbuka asubuhi ya kwanza ya kuchukua dawa. Aabo aliamka alfajiri kama alivyozoea siku za safari. Alivaa koti la Nairobi, akachukua ile chupa ya chai yenye barafu, akamuaga Hooyo kwa ile sauti ya mtu anayeweza asirudi. Tukaenda hospitali kwa miguu, mimi na yeye. Sista Kadzo alifungua friji, akatoa chupa mbili, akaziweka mkononi mwangu, na ubaridi wake ukaniingia mpaka kwenye kiwiko. Alituambia turudi wiki ijayo, akaita mtu mwingine.

Tulitoka nje. Aabo alisimama kwenye ngazi na koti lake, akaangalia barabara upande wa stendi, akaangalia jua. Nilimwona akitafuta la kufanya na siku nzima iliyokuwa imebaki mikononi mwake.

"Sasa tunaenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, Aabo," nikamwambia. "Chai bado iko jikoni."